Miungu wengi, ghala moja: Angkor na swali la uvumilivu wa dini

Mwalimu mmoja wa historia, anayefundisha sekondari mkoani Morogoro, ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba katika ufalme wa kale wa Wakhmer, kule Angkor, Kamboja ya leo, wafuasi wa Shiva na wa Vishnu, miungu wa Kihindu, na wafuasi wa Buddha waliishi pamoja karne nyingi bila kugombana, hata hekalu moja likawa na miungu ya pande zote. Halafu nikaona picha ya ukuta wa huko huko Angkor, sanamu za Buddha zimebanduliwa kwa tindo, moja baada ya nyingine. Nilipoionyesha darasani, wanafunzi wakaniuliza lipi ni la kweli, nikabaki sina jibu. Je, watu wale walikuwa wavumilivu au hawakuwa?"

Mwalimu, yote mawili ni kweli, na mahali pa kuyaona yote mawili kwa pamoja ni hekalu la Preah Khan, kaskazini ya mji wa kale wa Angkor Thom. Liliwekwa wakfu mwaka 1191 na mfalme Jayavarman VII, aliyekuwa Mbuddha. Katikati aliketishwa Lokeshvara, mwenye huruma wa Kibuddha, kwa sura ya marehemu baba yake mfalme. Magharibi pakawa pa Vishnu, kaskazini pa Shiva, kusini pa wafalme waliotangulia, na mashariki ukawa mlango mkuu. Jiwe la maandishi ya kuanzishwa kwake, lililopatikana mwaka 1939, linaona fahari juu ya jambo hilo: Prayaga ya India husifiwa kwa maji matakatifu mawili tu, sasa isemweje juu ya mahali hapa penye matatu, ya Buddha, ya Shiva na ya Vishnu?

Sasa inua macho utazame kuta na kingo za mapaa ya hekalu hilo hilo. Kuna safu za vidaka, mithili ya vile vya nyumba za mawe za pwani yetu, na ndani ya kila kimoja alikuwamo Buddha mdogo ameketi, miguu ameikunja. Leo kilichobaki ni umbo lake tu: duara la kichwa, mteremko wa mabega, upana wa magoti. Jiwe lenyewe limekwanguliwa. Nilisimama muda mrefu mbele ya kimoja. Alama za tindo zimelala upande mmoja, kwa nafasi sawasawa, kazi ya fundi aliyelipwa ujira wa siku na kupewa ngazi ya kupandia. Mtu aliyepandwa na hasira hapigi hivyo. Na vidaka vingine havikufutwa, vilichongwa upya: Buddha akaongezewa ndevu, viganja vikakutanishwa kifuani, akawa mtawa wa Shiva anayesali. Miguu iliyokunjwa haikuhitaji kuguswa.

Kabla sijaenda mbali, naomba tulitazame hilo neno lako, uvumilivu. Kwa Kiswahili mtu huvumilia kinachomuudhi: huvumilia njaa, huvumilia jua kali, huvumilia jirani anayepiga muziki hadi usiku wa manane. Ukisema mfalme wa Angkor alimvumilia Buddha, unamfanya Buddha kuwa kero iliyomezwa kwa shida. Maandishi ya Wakhmer hayana harufu hiyo. Kwao mungu alikuwa nguvu. Aliyelishwa vizuri alileta mvua, akastawisha mpunga, akampa mfalme ushindi. Aliyeachwa na njaa alikuwa nguvu iliyopotea bure. Mfalme mwenye akili aliwakusanya miungu kama alivyochimba mabwawa, na hakuna mkulima wa mpunga aliyewahi kulalamika kwamba mabwawa yamezidi. Hapo ndipo penye jibu langu. Amani ile ilikuwa amani ya mpangilio: kila mungu na nafasi yake, kila nafasi na daraja lake, na wote wakila kutoka ghala moja, ghala la mfalme. Ilidumu muda mrefu mno, na ilivunjika pale ugomvi wa kiti cha enzi ulipoingia ghalani.

Mizizi yake ni ya kale kuliko Angkor. Katika karne ya 7 wachongaji wa Kikhmer walimtukuza sana Harihara, mungu mmoja aliyegawanywa wima katikati: nusu ya kulia Shiva, nusu ya kushoto Vishnu. Ukimtazama kichwani, upande mmoja ni nywele za Shiva zilizosokotwa na kufungwa juu kama za mtawa wa porini, upande wa pili ni kofia ndefu laini ya Vishnu, na mstari wa kuzitenganisha unashuka kuelekea kwenye paji la uso. Wahindi walimjua pia, lakini Wakhmer walimpa mahekalu na hadhi ya mungu mkuu. Usidhani hata hivyo kwamba njia ilikuwa tambarare. Yijing, mtawa wa Kibuddha kutoka China aliyesafiri bahari za kusini mwishoni mwa karne hiyo, aliandika kwamba upande huo wa dunia Ubuddha ulikuwa umestawi, kisha mfalme mwovu akaufagia, watawa wakatoweka. Kwa hiyo hata kabla Angkor haijazaliwa, watu walishajua kwamba mfalme anaweza kufunga mlango wa dini akitaka.

Angkor huhesabiwa kuanzia mwaka 802, pale Jayavarman II alipofanyiwa ibada juu ya mlima Kulen ili asiwe chini ya mtawala mwingine yeyote. Habari hiyo imo kwenye jiwe la Sdok Kak Thom la mwaka 1052, lililosimamishwa mahali ambapo leo ni Thailand. Lilichongwa kwa ajili ya ukoo mmoja wa makuhani wa Shiva ulioshika ibada hiyo ya kifalme kwa miaka 250. Ukuhani ulirithiwa kwa upande wa mama, mjomba akimwachia mpwa wake. Waluguru wa hapo kwenu hawatahitaji kufafanuliwa. Ninalotaka ulione ni kwamba dini hapa ilikuwa pia kazi, cheo na shamba la ukoo. Wafalme walipokezana, mmoja akiegemea kwa Vishnu, mwingine akienda kaburini na jina la Kibuddha, na ukoo ule ukabaki pale pale.

Ukitaka mfano mmoja wa kuandika ubaoni, chukua wa Yasovarman I, aliyetawala kuanzia mwaka 889. Alijenga ashrama, yaani nyumba za watawa, zipatazo 100 katika ufalme mzima. Kando ya bwawa lake kubwa la mashariki, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 7, alijenga tatu: moja ya wafuasi wa Shiva, moja ya Vishnu, moja ya Buddha. Kila moja ilikuwa na jiwe la sheria zake, na mawe hayo yamebaki. Ukiyasoma sambamba utadhani karani alinakili lile lile akibadilisha jina la mungu na cheo cha mtawa. Nani apokewe kwa heshima gani, nani apewe chakula, vipi mtu asiye na hatia aliyekimbilia humo asikabidhiwe kwa anayemwandama, vipi watoto, wazee, maskini na wasio na mtu walishwe. Haki zao zilifanana kwa kiasi kinachoshangaza kwa karne ya 9. Ila soma vizuri jiwe la Wabuddha. Linasema mwalimu aliyebobea katika mafundisho ya Buddha aheshimiwe kidogo chini ya Mbrahmana msomi, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu. Kidogo chini! Neno hilo moja linaeleza Angkor kuliko sura nzima za vitabu. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, lakini viti ndani havikuwa sawa kwa kimo.

Zaidi ya miaka 40 baada ya Yasovarman, chini ya Rajendravarman, tunamkuta waziri ninayempenda kuliko wote, Kavindrarimathana. Alikuwa Mbuddha. Mfalme alimkabidhi kazi kubwa za ujenzi, likiwemo hekalu la Mebon ya Mashariki, lililosimama kisiwani katikati ya bwawa lile la Yasovarman, na hekalu hilo lilikuwa la Shiva. Mbuddha akamjengea Shiva, mfalme wa Shiva akamwamini Mbuddha, na hakuna jiwe linaloona ajabu juu ya hilo. Miaka hiyo hiyo, waziri huyo akajenga hekalu lake mwenyewe, Bat Chum, minara mitatu midogo ya matofali yenye Buddha na watakatifu wa Kibuddha. Maandishi yake ni mashairi ya hali ya juu ya Kisanskriti, lugha takatifu ya India, na katikati ya sifa zote hizo limo agizo kwamba ndovu, wavunja kingo, wasiogeshwe katika maji ya hapo. Huwa naupenda mstari huo kwa sababu unatukumbusha kwamba hawa walikuwa watu wenye hekalu la kutunza, na jirani mwenye ndovu.

Kizazi kimoja baadaye, chini ya Jayavarman V, mwalimu wa Kibuddha Kirtipandita alichongesha maagizo yanayotaka kuhani wa mfalme awe amebobea pia katika elimu ya Kibuddha na amwogeshe Buddha siku za sikukuu. Kuhani yule yule, mikono ile ile, maji yale yale.

Sasa tuingie ghalani, maana bila hilo tutakuwa tunasimulia hadithi ya wakubwa tu. Mawe ya Wakhmer mara nyingi yana lugha mbili. Kisanskriti huja kwanza, kwa shairi, kumsifu mungu, mfalme na aliyetoa sadaka. Kikhmer hufuata, kwa nathari kavu: mashamba na mipaka yake, ng'ombe, vyombo vya shaba, vipimo vya mchele, kisha majina ya watumwa wa hekalu, mmoja mmoja, wanaume, wanawake, na watoto waliowabeba. Kwa mwanamke aliyetwanga mpunga wa Shiva na mwenzake aliyetwanga wa Buddha, kinu kilikuwa kimoja. Hawa ndio waliobeba huo upatano wa dini tunaousifu, na hakuna aliyewauliza wanamwabudu nani. Vijijini mwao walikuwa na mizimu ya mahali, inayoitwa hadi leo neak ta, wenye mto, wenye mti, wenye mlima, na hiyo haikuhitaji Kisanskriti. Dini za ikulu ziliketi juu ya imani hiyo bila kuing'oa. Mwalimu, ukiwafundisha wanafunzi wako kuhusu Angkor, nakuomba usiwaache watu hawa nje ya darasa.

Dalili kwamba sanamu zingeweza kuvunjwa zilikuwepo mapema. Kuanzia mwaka 1002 palizuka vita vya kugombea kiti, na aliyeibuka mshindi ni Suryavarman I. Jiwe la Sdok Kak Thom linaeleza kwamba alipeleka majeshi dhidi ya watu waliong'oa sanamu takatifu katika miji ya ukoo ule wa makuhani, na kwamba kuhani Sadasiva ndiye aliyezirudisha. Hizo zilikuwa sanamu za wafuasi wa Shiva, na wakati ulikuwa wa vita vya urithi. Kumbuka hilo tutakapofika karne ya 13. Suryavarman huyo huyo, aliyewalinda makuhani wa Shiva, ndiye aliyepewa baada ya kufa jina la Nirvanapada, lenye sauti ya Kibuddha. Kuna pia agizo la wakati wake lililopatikana Lopburi, Thailand ya leo, la miaka ya 1020. Linawataja watawa wa Kibuddha wa madhehebu mawili pamoja na watawa wengine wa mazoezi ya kiroho, linawataka wote wamtolee mfalme thawabu za ibada zao, na linaamuru yeyote anayewasumbua aondolewe na ahukumiwe. Ulinzi upo, na malipo ya ulinzi yapo. Watawa wanalindwa, na thawabu inaingia ghalani kama mpunga.

Suryavarman II namtaja kwa kifupi kwa sababu kazi yake unaifahamu. Hekalu la Angkor Wat, la karne ya 12, lilikuwa la Vishnu. Ila katika kizazi hicho hicho, upande wa kaskazini-magharibi ndani ya Thailand ya leo, Wakhmer walijenga Phimai, hekalu la Kibuddha ambalo vizingiti vya nje vimechongwa visa vya Shiva na vya Rama, yaani Vishnu katika umbo la mwanadamu, na ukipenya hadi ndani unakutana na Buddha.

Kisha akaja Jayavarman VII, na hapa ndipo moyo wa swali lako ulipo. Alitawazwa miaka ya mwanzo ya 1180 baada ya vita vikali na Wacham, majirani wa upande wa mashariki, na kwa mara ya kwanza Ubuddha ukashika kiti cha kwanza cha ufalme. Nyumbani kwake penyewe tunaona jinsi dini zilivyopitana. Mkewe Jayarajadevi, mumewe alipokuwa mbali vitani, alijitesa kwa mifungo ya Kibrahmana akimwombea arudi. Dada yake Indradevi, mwanamke msomi aliyefundisha katika nyumba za watawa wa kike, akamfundisha njia ya Buddha, naye akapata utulivu. Tunayajua haya kwa sababu Indradevi mwenyewe, aliyeolewa na mfalme baada ya dada yake kufariki, aliyatunga kwa Kisanskriti na yakachongwa kwenye jiwe. Mwanamke wa karne ya 12 anasimulia safari ya dada yake kutoka ibada moja hadi nyingine, bila kuitukana ile ya kwanza.

Hospitali 102 zinatajwa kwenye jiwe la Ta Prohm, hekalu alilolianzisha mwaka 1186 kwa ajili ya mama yake. Maagizo ya hospitali hizo yamepatikana sehemu nyingi, mpaka karibu na Vientiane, Laos. Ziliwekwa chini ya Buddha wa tiba, Bhaishajyaguru, na maandishi yanasema zitibu watu wa matabaka yote manne. Ghala la mfalme lilitoa asali, ufuta, kafuri, pilipili. Na angalia hili: katika orodha ya watumishi wa nyumba hizi za Kibuddha wamo watoa sadaka wawili na mnajimu mmoja. Hata penye dawa, ibada za pande mbili zilikaa chini ya paa moja.

Lakini mfalme huyu alifanya jambo jingine ambalo naamini ndilo lililoleta msiba. Aliifunga familia yake kwenye mwili wa Buddha. Baba yake alikuwa Lokeshvara wa Preah Khan, mama yake Prajnaparamita, hekima ya Kibuddha, pale Ta Prohm. Sanamu 23 za Buddha zilizoitwa kwa jina lenye jina lake ndani, Jayabuddhamahanatha, zilipelekwa mijini. Katikati ya mji mkuu likasimama hekalu la Bayon na nyuso zake kubwa za mawe zikitazama pande nne. Preah Khan peke yake ililishwa na vijiji 5,324, watu 97,840. Kwa muda wa utawala mmoja, ghala zima likageuzwa lielekee upande mmoja. Shiva na Vishnu hawakufukuzwa, walipewa vyumba vya pembeni. Wabrahmana waliozoea kuwa juu kidogo sasa walikuwa chini kidogo, na ukoo wowote wa kifalme uliotaka kiti ulikuta kila kona inamwimba marehemu na wazazi wake.

Wataalamu wengi huihusisha kazi ya tindo na Jayavarman VIII, aliyetawala kuanzia mwaka 1243 na aliyekuwa mfuasi wa Shiva. Hakuna jiwe linalokiri, wala linalojisifu. Pale Bayon, Buddha mkuu wa mnara wa kati, mwenye kimo cha mita 3.6, ameketi juu ya nyoka aliyetandaza vichwa nyuma yake kama mwavuli, alivunjwavunjwa na kutupwa ndani ya shimo chini ya mahali alipokuwa ameketi. Alikaa humo gizani mpaka mwaka 1933, Mfaransa Georges Trouvé alipochimba na kumpata vipande vipande. Ameunganishwa, na leo yuko kwenye banda la wazi si mbali na Bayon, watu wanamletea ubani na maua. Mwaka 2001, kwenye hekalu la Banteay Kdei, wanafunzi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sophia cha Japani wakifundishana kazi ya kuchimbua walifukua shimo lenye sanamu 274 za Buddha, nyingi zimetenganishwa vichwa na viwiliwili. Fikiria idadi hiyo ikitoka hekalu moja tu.

Sitaki kuupunguza ubaya huo. Kwa mtawa aliyeogesha sanamu ile kila sikukuu tangu utotoni, siku ya tindo ilikuwa msiba, na hakuna maelezo ya siasa yanayofuta hilo. Lakini uliniuliza maana yake, na ushahidi unanielekeza mahali. Kwanza, mahali palipoumizwa zaidi ni mahekalu ya Jayavarman VII. Pili, zile nyuso kubwa za Bayon ziliachwa. Zingeweza kusomwa kama za Shiva au Brahma, zikasamehewa. Tatu, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, mara baada ya utawala wa Jayavarman VIII kwisha mwaka 1295, tunaye shahidi wa macho, naye anakuta mji umejaa watawa wa Kibuddha. Watawa hawaoti kwa usiku mmoja. Walikuwepo muda wote, wakitembea na mabakuli yao ya chakula chini ya kuta ambazo Buddha alikuwa amekwanguliwa. Kilichopigwa ni madai ya ukoo wa mfalme aliyekufa, na Buddha alipigwa kwa sababu alikuwa amevalishwa sura ya ukoo huo.

Shahidi mwenyewe ni Zhou Daguan, aliyekuja na ujumbe wa mfalme wa China na kukaa Angkor karibu mwaka mzima, 1296 hadi 1297. Anaeleza makundi matatu. Wasomi wa Kibrahmana anawatambua kwa uzi mweupe shingoni, na anasema wanaoingia serikalini kutoka kundi hilo hufika vyeo vya juu. Watawa wa Kibuddha wananyoa vichwa, wamevaa manjano, bega la kulia wazi, miguu mitupu. Wanakula mlo mmoja kwa siku. Anashangaa kwamba wanakula samaki na nyama, hata kumtolea Buddha, lakini hawanywi pombe. Vitabu vyao ni majani ya mitende yaliyopangwa vizuri. Watoto hupelekwa kwao kusoma. Mfalme akiwa na jambo zito huwaita awaulize, na wengine hubebwa kwenye machela yenye mipini ya dhahabu au fedha. Kundi la tatu, watawa wa Shiva, wanavaa kama watu wengine isipokuwa kitambaa chekundu au cheupe kichwani. Wana mahekalu yao, ila ni madogo kuliko ya Wabuddha, na ndani hakuna sanamu, kuna jiwe tu, linalomkumbusha jiwe la mungu wa ardhi kwao China. Hawali chakula cha mtu mwingine, wala hawali hadharani.

Soma tena hayo, mwalimu. Wote watatu wako mji mmoja, mwaka mmoja, na ngazi imepinduka: jiwe la Shiva, lililokuwa roho ya ufalme, sasa limo kwenye vijumba vidogo. Mwaka 1309 likachongwa jiwe la kwanza la Angkor kwa Kipali, lugha ya Wabuddha wa madhehebu ya Theravada, na Kisanskriti hakikuishi muda mrefu baada ya hapo. Naona sababu kubwa ya ushindi wa Theravada ilikuwa nyepesi. Mtawa wake alikula alichopewa na mama wa kijijini asubuhi. Hakuhitaji vijiji 5,324. Ghala la mfalme lilipopungua, hekalu kubwa lilikufa njaa, na mtawa mwenye bakuli akaendelea kutembea.

Mkondo huo haukukoma. Mwaka 1632 Mjapani mmoja, Ukondayu Kazufusa, alikuja kuhiji Angkor Wat, ambayo wakati huo ilikwisha kuwa ya Buddha, akaandika kwa wino kwenye nguzo kwamba ametoa sanamu nne. Maandishi yake yangalipo. Miaka 10 baadaye, mwaka 1642, nchi hiyo ilimpata mfalme aliyesilimu, Ramathipadi, akachukua jina la Ibrahim na kutawala mpaka mwaka 1658, wapinzani wake walipomwangusha kwa msaada wa majeshi ya Kivietinamu. Waislamu Wacham wako Kamboja hadi leo.

Basi wanafunzi wako wakiuliza tena, usiwachagulie kati ya picha mbili. Waonyeshe jiwe la Yasovarman lenye "kidogo chini ya Mbrahmana", waonyeshe kidaka cha Preah Khan chenye Buddha aliyeongezewa ndevu, kisha waulize wao nani alikuwa analipa gharama za kila kimoja. Wakipata jibu la swali hilo, hili lako la uvumilivu litafunguka lenyewe.

Na ukipata nafasi waonyeshe picha ya tatu. Kwenye lango la magharibi la Angkor Wat amesimama Vishnu wa jiwe mwenye mikono minane. Wenyeji humwita Ta Reach, babu mfalme, na humhesabu kuwa neak ta mwenye nguvu wa mahali pale. Amevalishwa kitambaa cha manjano kama mtawa wa Buddha. Asubuhi wanawake hufika na ndizi, maua ya yungiyungi na vijiti vya ubani, huvua viatu, hupiga magoti, kisha huinuka na kuendelea ndani kwa Buddha.